Malezi Yanayompa Mtoto Heshima ya Nafsi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Muhula uliopita mwalimu wetu wa ushauri alitugawia vipande vya karatasi, akamtaka kila mmoja wetu aandike, pasipo kutia jina, maneno ya mzazi au mlezi wake ambayo hajapata kuyasahau. Alipozikusanya karatasi akazisoma kwa sauti. Darasa lilicheka kwa karatasi mbili tatu za kwanza, kisha likanyamaza. Mmoja aliandika: "Zuzu." Mwingine: "Bora ningefuga mbuzi." Mwingine: "Huyu akifaulu, mimi nakata sikio langu." Yalikuwapo na maneno ya upole, kama vile "Nenda, nakuamini," lakini hayo yalikuwa machache. Mwalimu alizigawa karatasi katika mafungu mawili juu ya meza, maneno yaliyojenga upande huu na maneno yaliyobomoa upande huu.

Karatasi yangu ilikuwa na maneno ya sifa. Niliandika: "Huyu ana akili za kuzaliwa." Mwalimu aliisoma, akafikiri kidogo, akaiweka katika fungu la maneno yaliyobomoa. Baada ya kipindi nilimfuata nikamwambia kwamba karatasi moja ilikuwa imekwenda upande usio wake. Akasema, "Haikukosea njia. Kasome, kisha uje unieleze kwa nini niliiweka pale."

Nimesoma kwa kadiri nilivyoweza, katika maktaba yetu na katika vitabu alivyoniazima yeye, na makala haya ndiyo majibu yangu. Nawaomba radhi wazazi watakaoyasoma. Mtu wa miaka kumi na saba kusema habari za malezi ni kama kifaranga kumfundisha kuku kuatamia. Lakini kifaranga naye ana jambo moja alijualo vyema kuliko kuku, nalo ni jinsi kulivyo ndani ya yai.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno lenyewe. Kujithamini ni mtu kujiona kuwa anastahili kuwa miongoni mwa watu, na kwamba akitia mkono katika kazi mkono wake wafaa kitu. Wazazi wengi wa kwetu wakisikia kuwa mtoto afundishwe kujithamini huogopa, maana hudhani kwamba ataota pembe. Hofu hiyo si ya bure, lakini imechanganya mambo mawili. Mwenye majivuno lazima ampate mtu wa kumzidi, na asipompata hana raha. Mwenye kujithamini hana haja ya mtu kuwa chini yake.

Mwaka 2015 Eddie Brummelman na wenzake walitangaza uchunguzi walioufanya katika Uholanzi. Waliwachukua watoto 565 wa umri wa miaka 7 hadi 11 pamoja na wazazi wao, wakawauliza maswali mara nne, kila baada ya miezi sita. Wakaona kwamba watoto ambao wazazi wao waliwahesabu kuwa bora kuliko watoto wa wenzao, na kwamba wastahili kutendewa zaidi ya wengine, walizidi majivuno kadiri siku zilivyokwenda. Lakini watoto walioonyeshwa upendo na wazazi wao walizidi kujithamini, wala majivuno yao hayakuongezeka kwa sababu ya upendo huo. Kumbe mambo haya mawili hayakui kutoka katika mzizi mmoja. Mzazi anayeogopa kumpenda mtoto wake waziwazi, ati asije akawa na kiburi, ameogopa kitu kisichokuwapo.

Lugha yetu nayo imetenganisha haya na fedheha. Haya hukaa ndani ya mtu mwenyewe, nayo humzuia asifanye ubaya hata pasipo mtu wa kumwona. Fedheha hutiwa na watu kutoka nje. Mzazi amfunzaye mtoto wake kuwa na haya amemtendea wema. Anayemfedhehesha mbele ya wageni hamwongezei haya hata kidogo. Mtoto aliyezoea kuchekwa hana tena kitu cha kukionea haya.

Sasa nitaeleza habari za nyumbani kwetu, kwa sababu ndiko ninakokujua.

Kwetu ni Korogwe. Baba yangu ni fundi wa baiskeli, naye hufanya kazi yake chini ya mwembe mmoja si mbali na stendi ya mabasi. Mama huchoma vitumbua hapohapo ubavuni. Baba ni mtu mwema. Halewi, hatukani, na ada na sare zetu tangu zamani zimetoka katika spana zake. Nayasema haya kwanza ili msomaji asije akadhani kwamba mambo nitakayoyaeleza hufanywa na wazazi wabaya tu. Hufanywa na wazazi wema wakiwa katika kazi zao, wakichekesha wateja wao.

Sisi tuko wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa ana miaka kumi. Mimi katika shule ya msingi nilikuwa wa kwanza, au nikiteleza sana wa pili. Baba alikuwa akiwaambia watu waliokuwa wakingoja baiskeli zao, "Huyu hasomi, anajua tu. Ana akili za kuzaliwa." Watu wakanitazama, nami nikajaa furaha. Lakini haikuwa kweli kwamba sisomi. Nilisoma usiku kwa mwanga wa simu ya Mama wenyewe wakiwa wamelala, na asubuhi nikaamka nikajifanya sikugusa daftari. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja tu, nami nilikwisha kuanza kuficha bidii yangu kama mtu afichavyo wizi, kwa kuwa katika nyumba yetu bidii ilikuwa alama ya kukosa akili.

Nilipofaulu nikaletwa hapa. Wasomaji wanafunzi wanajua yaliyonikuta, maana yaliwakuta wengi wao. Bweni lote lilikuwa la watu waliokuwa wa kwanza makwao. Masomo tuliyoyasoma kwa Kiswahili kwa miaka saba yaligeuka siku moja yakawa ya Kiingereza, hata hesabu ambazo ningaliweza kuzifanya usingizini zilikuja zimevaa nguo nisizozijua. Matokeo ya muhula wa kwanza yalipotoka nilikuwa wa 38 kati ya wanafunzi 46. Sikufikiri kwamba nahitaji kujifunza Kiingereza zaidi, wala kwamba namna yangu ya kusoma haifai. Fikira yangu ilikuwa moja tu, kwamba akili za kuzaliwa zimekwisha. Nikaacha kunyosha mkono darasani. Jumapili matroni alipoturuhusu kupiga simu nyumbani, Baba aliniuliza, "Mmekwisha kupewa matokeo, mwanangu?" Nikamjibu, "Bado, Baba." Karatasi ilikuwa mfukoni mwa sketi yangu.

Katika vitabu alivyoniazima mwalimu niliyakuta majaribio ambayo, niliposoma habari zake, niliona haya kana kwamba mtu alikuwa amenichungulia. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck, waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walieleza jinsi walivyowapa watoto wa darasa la tano mafumbo ya picha ya kufumbua. Kila mtoto aliambiwa kuwa amefanya vizuri. Kisha baadhi yao wakaongezewa sentensi moja, ya kwamba bila shaka wana akili kwa mafumbo ya namna ile, na baadhi wakaambiwa kwamba bila shaka wamefanya bidii. Hapakuwa na tofauti nyingine. Walipopewa nafasi ya kuchagua kazi, watoto wengi waliosifiwa akili walitaka ile ambayo wataonekana hodari, na wengi sana wa wale waliosifiwa bidii walitaka ile watakayojifunza kitu. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa. Mwisho wakapewa mafumbo mepesi kama yale ya mwanzo. Waliosifiwa bidii walifanya vizuri kuliko mwanzo. Waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko mwanzo, ijapokuwa mafumbo yalikuwa ya uzito uleule.

Lakini jambo lililonichoma ni hili. Watoto hao waliambiwa wawaandikie wenzao wa shule nyingine, wasiowajua wala hawatawajua, alama walizozipata. Katika wale waliosifiwa akili, karibu wanne katika kila kumi walidanganya wakajiongezea alama. Mtoto anayemdanganya mtu asiyemjua anapata faida gani? Hakuna. Alijidanganya mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amepewa sifa ambayo hakujua namna ya kuitunza. Bidii mtu aweza kuiongeza kesho asubuhi. Akili za kuzaliwa, zikionekana zimepungua, utakwenda kuzinunua duka gani? Ndipo nilipofahamu kwa nini mwalimu aliiweka karatasi yangu katika fungu lile.

Mwanachuoni mwingine wa Marekani, William James, katika kitabu chake cha mwaka 1890, aliandika jambo hili kwa mfano wa hesabu ya sehemu: juu weka mafanikio ya mtu, chini weka matarajio yake, na jibu ndilo kujithamini kwake. Alijitolea mfano yeye mwenyewe, akasema kwamba angeona fedheha watu wengine wakimzidi katika elimu ya nafsi, kwa kuwa hiyo ndiyo aliyoichagua, lakini kutojua Kigiriki hakumsumbui hata kidogo. Nimeifikiri sana hesabu hiyo. Mzazi anaposema kila siku, "Wewe ndiye tegemeo letu, wewe ndiye utakayetutoa," huongeza namba ya chini. Namba ya juu haiongezeki kwa maneno, na mtoto ndiye anayebaki kugawanya.

Sasa nije kwa mdogo wangu, na hapa kalamu yangu yawa nzito.

Yeye hakuwa hodari wa kusoma. Alichelewa kuzijua herufi, na katika darasa lenye watoto 83 mwalimu hawezi kukaa na mtoto mmoja. Alipoleta nyumbani karatasi ya nafasi ya 71, Baba aliwaambia wateja wake, "Huyu ubongo wake umepata pancha." Watu wakacheka, maana ni mzaha mzuri kutoka kwa fundi wa baiskeli. Mdogo wangu naye alicheka. Tangu siku hiyo akaitwa Pancha. Baba alimwita hivyo, jirani walimwita hivyo, na mimi nilimwita hivyo, tena mimi zaidi ya wote, kwa sababu kila lilipotajwa jina lake nilionekana mrefu zaidi. "Mbona dada yako...?" ndiyo sentensi aliyoisikia mara nyingi kuliko salamu. Fimbo aliyopigiwa mdogo wangu nilikuwa ni mimi.

Nawaomba wazazi wanisikilize hapa. Mtoto aliyepewa jina kama lile halikatai. Huliingia kama mtu aingiavyo katika koti la kurithi, mwanzo likimpwaya, baadaye likimkaa sawasawa. Alipofika miaka minane mdogo wangu alikuwa akisema "Mimi siwezi" kabla hajatazama kitu anachoambiwa. Ukimtuma dukani vitu vitatu hujibu, "Mtume Dada." Madaftari yake aliyatupa chooni ili yasionekane. Watu walisema ni mvivu. Nadhani alikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba asiyejaribu hawezi kuchekwa kwa kushindwa.

Desemba iliyopita, mimi nikiwa likizoni, Baba alikwenda Tanga kununua spea. Saa nne akaja babu mmoja anakokota baiskeli, gunia la mahindi juu, gurudumu la nyuma limelala chini kabisa. Alikuwa akienda mashineni. Akamwuliza Mama, "Fundi yuko?"

Mama akajibu, "Mwenyewe amesafiri. Mwanawe yupo."

Mdogo wangu akaruka. "Mama, mimi siwezi! Mwambie Dada."

"Dada yako hawezi kuziba hata ndoo," akasema Mama, na ni kweli. "Miaka mitatu umekaa hapa ukimtazama baba yako. Anza." Kisha akageuka akaendelea kuchoma vitumbua vyake, asimtazame tena.

Nataka msomaji akitie maanani kitendo hicho cha kugeuka. Mama hakumwambia, "Wewe ni hodari, utaweza." Pengine asingemwamini. Alimpa kazi ya kweli, ya mtu wa kweli anayengojea, kisha akamgeuzia mgongo, na mgongo ule ulisema kwamba hana wasiwasi. Mimi ndiye niliyekuwa na wasiwasi. Nilitaka kwenda kumwita fundi mwingine wa ng'ambo ya barabara.

Tulimsaidia kushusha gunia na kuipindua baiskeli. Basi mikono yake ikaanza kufanya mambo ambayo kinywa chake kilikuwa kimekana. Akabandua ukingo wa tairi kwa vyuma viwili, akautoa mpira wa ndani, akaujaza upepo kwa pampu, akauzamisha katika beseni la maji kipande kwa kipande mpaka vipovu vikatoka. Akaukausha kwa kitambaa, akaitia alama tundu kwa kipande cha chaki. Akasugua kwa msasa, akapaka gundi nyembamba juu ya tundu na juu ya kiraka pia, akangoja. Nikamwambia, "Bandika basi, babu anangoja." Akasema, bila kuniangalia, "Haijakauka. Mpaka kidole kisinate." Akabandika, akagonga polepole kwa nyundo, akarudisha mpira katika beseni. Hapakutoka kipovu. Nilidhani amemaliza. Yeye akaingiza vidole ndani ya tairi akaipapasa yote kuzunguka, akatoa mwiba. "Usipoutoa huu," akasema, "anarudi kesho na pancha ileile."

Babu alimlipa yeye mkononi, hakumpa Mama, akasema, "Ahsante, fundi."

Baba aliporudi jioni alikwisha kusikia habari stendi. Siku ya pili babu alipopita, Baba alimwomba asimame, akaufungua mpira ule akautazama. Mdogo wangu alisimama nyuma ya mwembe. Baba akamwita, akamwonyesha kwa kidole. "Pembe hii hukuisugua vizuri, itainuka. Gundi umeipaka sawa. Mwiba uliutafuta?" "Ndiyo, Baba." "Vyema. Kesho kuna baiskeli mbili, moja yako."

Hayo tu. Baba hakumsifu kwa neno kubwa, wala hakuomba samahani kwa lile jina, nami sikutazamia aombe. Lakini jina lile sijalisikia tena kinywani mwake. Na mimi nimeyahesabu maneno yale aliyoyasema chini ya mwembe kuwa malezi bora kuliko yote niliyopata kuyasoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli yote. Mtoto aliambiwa alipokosea mahali penyewe hasa, akaambiwa alipopatia mahali penyewe hasa, na akapewa kazi ya kesho. Sifa kubwa zisizo na mahali hazimfai mtoto asiyejiamini. Brummelman huyohuyo na wenzake walionyesha katika mwaka 2014 kwamba watoto wa namna hiyo wakisifiwa kupita kiasi huikimbia kazi ngumu inayofuata, maana wanaogopa kwamba safari hii watajulikana.

Najua wapo watakaouliza: je, sasa kijana huyo amekuwa wa kwanza darasani? Hasha. Matokeo yake yaliyofuata alikuwa wa 64. Singependa kumdanganya mtu. Katika Marekani, jimbo la California liliunda kamati ya serikali mwaka 1986 kwa ajili ya jambo hili la kujithamini, nayo ilitoa taarifa yake mwaka 1990 ikiwa na matumaini makubwa kwamba watoto wakijithamini, matatizo mengi ya jamii yatapungua. Shule nyingi zikaanza kuwasifu watoto kwa kila jambo. Baadaye, mwaka 2003, Roy Baumeister na wenzake walipima uchunguzi mwingi uliokwisha kufanywa, wakaona kwamba kujithamini peke yake hakumwongezei mtoto alama za maana. Mara nyingi kufanya vizuri ndiko kunakotangulia, na kujithamini kunafuata. Mtoto hanenepeshwi kwa kuambiwa kuwa ameshiba.

Illa jambo moja limebadilika nyumbani. Mdogo wangu haendi tena chooni na daftari. Huja nalo chini ya mwembe akasema, "Baba, hapa nimekosa, sijui kwa nini." Mtoto aliyeweza kusema hivyo amekwisha kuwa mwanafunzi, hata kama ni wa 64.

Wazee wengine watasema, na walimu pia, kwamba mambo haya ya kumbembeleza mtoto ndiyo yanayoharibu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nakubali, wala wataalamu hawakatai. Stanley Coopersmith, katika kitabu chake cha mwaka 1967, aliwachunguza wavulana wa umri wa miaka 10 hadi 12 na mama zao. Wale waliojithamini zaidi hawakutoka katika nyumba za kufanya mtoto apendavyo. Walitoka katika nyumba zenye mipaka iliyo wazi na inayofuatwa, ambamo mtoto alipendwa, na ndani ya mipaka hiyo maoni yake yalisikilizwa. Mtoto asiyewekewa mpaka wowote hudhani kwamba hakuna anayejali anakokwenda. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mtoto "Umefanya vibaya" na kumwambia "Wewe ni mbaya." Neno la kwanza linamwachia njia ya kurudi.

Hili la kusikilizwa, nchi yetu imeliandika katika sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1991, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake. Sheria hiyohiyo inakataza kumtumikisha mtoto katika kazi inayodhuru afya au elimu yake. Nalisema hili kwa makusudi, asije mtu akasoma habari za mdogo wangu akamtoa mtoto shule akamkalishe kiwandani. Kazi inayojenga ni ile ndogo, ya baada ya shule, yenye mtu mzima karibu, na ambayo mtoto akikosea hakuna atakayeumia. Nyumba nyingi zinazo: kupima unga, kuhesabu chenji, kufunga mbuzi jioni.

Wazazi wanaokuja siku ya kututembelea, nina ombi dogo kwenu. Swali la kwanza lisiwe "Umekuwa wa ngapi?" Tuulizeni ni somo gani limetutoa jasho muhula huu. Mkituuliza hivyo tutawaambia kweli. Msitulinganishe na binamu zetu, hata kwa kutusifu, maana aliyesifiwa leo kwa kumshinda mwenzake amefundishwa kumwombea mwenzake ashindwe. Hata Baraza la Mitihani la Tanzania, mwaka 2023, liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora wa taifa. Ikiwa taifa limeweza kuacha, chumba cha kulia chakula hakishindwi. Nanyi walimu wetu, kwa heshima zote: anayepata alama za chini anazijua kabla hazijabandikwa ubaoni. Tunachokosa aghalabu ni mtu wa kutuonyesha pembe ambayo hatukuisugua.

Likizo ya Juni niliyachukua makala haya nyumbani yakiwa bado katika daftari, kwa kuwa sikuona vyema kumwandika Baba pasipo yeye kujua. Nilimsomea chini ya mwembe, naye ananyoosha ringi. Nilipofika pahali pa karatasi mfukoni mwa sketi aliacha kugonga, akaniangalia, akaendelea. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu. Akauliza, "Hilo la jina la mdogo wako, ni lazima liwemo?" Nikamwambia kwamba akitaka nitalifuta. Akazungusha gurudumu, akalitazama likizunguka mpaka likasimama.

"Liache," akasema. "Lakini hapo kwenye gundi umekosea. Umeandika dakika mbili. Jua likiwa kali ni upesi, mvua ikinyesha utangoja sana. Muulize mdogo wako."

Nikamwuliza, na yaliyoandikwa hapo juu juu ya gundi ni masahihisho yake.